Moto Mwingi Si Moto Mzuri: Nilichojifunza Kwenye Tanuri la Gesi la Mhunzi Wetu

Kwa kawaida tukikutana hapa tunaongelea mbegu, mbolea, viwavijeshi na bei za mazao. Leo naomba tuongelee chuma na moto, kwa sababu plau isipokuwa nzima, hata mbegu bora haina pa kwenda. Na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Desemba. Mvua za huku kwetu Ufipa zilikuwa zimeshashika na kila mwenye maksai alikuwa shambani. Saa nne asubuhi mama mmoja alifika nyumbani kwangu na kiroba mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya chini, akakaa kwenye ngazi, akafungua kiroba na kuweka vipande viwili vya chuma sakafuni. Kilikuwa ni ulimi wa plau, kile chuma cha mbele kinachokata udongo. Kilikuwa kimekatika katikati, pale pale kwenye tundu la bolti.

"Mzunguko wa tatu tu, Bwana Shamba," akasema. "Sikugonga jiwe wala kisiki. Nimewafungua ng'ombe, wanakula majani."

Nilijua ule ulimi umetoka wapi. Ulikuwa umetengenezwa kijijini kwetu, kwenye tanuri la gesi ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyeshawishi lijengwe. Tulikuwa tumetengeneza ndimi 18 kwa ajili ya kikundi chetu cha wakulima. Hadi wiki ile inakwisha, 11 zilikuwa zimekatika.

Wazo lilivyoanza

Tuna fundi mhunzi hapa, mzee wa makamo ya baba yangu. Sitamtaja jina, nitamwita Mzee Fundi kama wote tunavyomwita. Kazi ameirithi. Huku Ufipa kuhunza si jambo la jana. Zamani watu wa hapa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye malungu, yale matanuri marefu ya udongo yanayompita mtu kimo, na mabaki yake bado yapo kwenye vilima. Mzee Fundi yeye hayeyushi mawe. Anachukua springi bapa za malori mabovu na kufua mundu, shoka, majembe na ndimi za plau.

Tatizo lilikuwa mkaa. Mkaa wa miti migumu, ule unaotoa joto la kuhunzia, umekuwa wa kutafutwa mbali, na ukipatikana nusu yake ni chenga. Vijana wa kuvuta mivukuto nao hawapo, wako kwenye bodaboda. Nikiwa Mbeya kwa semina niliona karakana moja wakipasha chuma kwa gesi ya mtungi, hii hii ya kupikia. Nikasimama pale kama nusu saa. Nikaona inanguruma, chuma kinakuwa chekundu, hakuna moshi, hakuna anayepuliza. Nikarudi kijijini na picha tatu kwenye simu na maneno mengi mdomoni.

Ndugu msomaji, mimi nina stashahada ya kilimo. Nilisomea mazao na udongo, sikusomea uhunzi. Nusu saa ya kutazama na picha tatu si mafunzo. Lakini mtaalamu akishaitwa mtaalamu, hujisahau akadhani anajua na yale asiyoyajua.

Tukalitengeneza. Mwili wake ni kipande cha bomba nene la chuma, upana wa sentimita 25 na urefu wa sentimita 30. Ndani tukakandika udongo wa mfinyanzi unene wa sentimita 2 na nusu. Kichomeo tulikifanya kwa bomba jeusi la robo tatu inchi, urefu kama sentimita 20. Nyuma yake tukafunga ile ncha ndogo ya shaba inayotumika kwenye mashine za kuchomelea kwa waya wa milimita 0.8. Gesi inatoka kwa kasi kwenye tundu lile dogo, inavuta hewa pembeni, vinachanganyika ndani ya bomba, vinaingia tanurini vikiwaka. Hakuna feni wala mvukuto.

Neno moja kabla sijaendelea. Usitumie bomba la maji lililopakwa zinki karibu na moto. Zinki ikipata joto kali hutoa moshi mweupe unaomfanya mtu apate homa, kutetemeka na kubanwa kifua. Na usikate mtungi wa gesi ili uwe mwili wa tanuri, hata kama unadhani ni mtupu. Mabaki ya gesi ndani yanaweza kulipuka kwa cheche ya msumeno.

Kosa la kwanza: "Ongeza gesi"

Tulipoliwasha mara ya kwanza chuma kilifika rangi nyekundu iliyofifia, kikagoma hapo. Mzee Fundi akaniangalia. Mimi nikasema, "Ongeza gesi, mzee."

Akaongeza. Ulimi wa moto ukatoka mlangoni, mrefu, wa njano. Ulitisha macho, lakini chuma hakikubadilika. Nikasema tena, "Ongeza." Presha kwenye geji ikafika baa 1 na nusu. Baada ya muda mtungi wetu wa kilo 15 ulianza kutoa jasho, kisha ukapata ukungu mweupe kama barafu, na moto ukaanza kunyong'onyea wenyewe.

Ilikuwa Juni, na mnajua asubuhi za Juni huku juu. Kijana mmoja kwa nia njema kabisa akaleta jiko la mkaa alisogeze chini ya mtungi ili gesi ipate joto. Hapo angalau nilijua la kufanya. Nilimzuia kwa sauti ambayo mpaka leo wananitania nayo.

Sasa nieleze kilichokuwa kinatokea, maana wengi wanaotumia gesi kwa kazi nzito watakutana nacho, hata wauza chipsi na mama lishe.

Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika. Ili itoke kama hewa, lazima ichemke, na ili ichemke inahitaji joto, ambalo inalichukua kwenye mtungi wenyewe na hewa iliyouzunguka. Ukiitoa haraka kuliko mtungi unavyoweza kupata joto, mtungi unapoa, presha inashuka, moto unakufa. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani hukataa kutoka ikifika karibu na nyuzi joto 0. Dawa yake si moto. Dawa ni kupunguza matumizi, kutumia mtungi mkubwa zaidi, au kuusimamisha mtungi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto.

Na ule ulimi mrefu wa njano ulikuwa unatuambia jambo tusilolisikia. Moto wa gesi unataka vitu viwili, gesi na hewa. Gesi ikizidi hewa, inayozidi haiungui ndani ya tanuri, inakwenda kuungulia nje mlangoni. Tulikuwa tunanunua gesi ya kuwashia uwanja. Na huku juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kichomeo kilichopimwa Dar es Salaam kikija huku kitahitaji tundu la hewa lililofunguka zaidi.

Mzee Fundi alilielewa hili kabla yangu. Alitengeneza kipande cha bati kinachozunguka tundu za hewa, ukikisogeza unafungua au unafunga. Akapunguza presha, akafungua hewa kidogo kidogo huku akisikiliza. Ngurumo ikabadilika, ulimi wa moto ukarudi mlangoni ukawa mfupi, wa bluu wenye rangi ya chungwa pembeni. Chuma kikapanda. Akasema, "Kumbe lilikuwa na kiu ya hewa, sisi tunalinywesha gesi."

Tukafurahi. Nikadhani tumemaliza.

Kosa la pili: jua

Tanuri lilikuwa ndani ya kibanda cha Mzee Fundi, kile kibanda chake cha giza chenye mlango mmoja. Mimi nikasema hapana, gesi haikai ndani ya kibanda kilichofungwa. Na hapo nilikuwa sahihi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu kama moshi, inatambaa chini na kukaa kwenye mashimo ikisubiri cheche. Tena moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki.

Kwa hiyo tukalihamisha tanuri nje, uwanjani, peupe. Ushauri wa usalama ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa nusu ya ushauri, na nusu iliyobaki ndiyo iliyovunja plau za watu.

Oktoba na Novemba Mzee Fundi alifua zile ndimi 18 pale uwanjani, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Zilipendeza. Tulizipaka rangi nyeusi, kila mtu akachukua yake na kulipa. Kisha ikaja Desemba, na yule mama na kiroba chake.

Siku ile ile nilivipeleka vile vipande kwa Mzee Fundi. Sikujua niseme nini. Yeye hakusema kitu. Alikichukua kipande kimoja, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akautazama mvunjiko kwa muda mrefu. Kisha akaniletea mundu wa zamani aliowahi kuufua kwa mkaa, akauvunja ncha kwa nyundo mbele yangu.

"Angalia," akasema.

Mvunjiko wa mundu ulikuwa laini, wa kijivu, kama unga uliosagwa mara mbili. Mvunjiko wa ulimi wa plau ulikuwa wa chembe kubwa zinazometameta, kama chumvi ya mawe.

"Hiki kimeungua," akasema. "Nimekipa moto kupita kiasi. Lakini mimi sijawahi kuunguza chuma tangu nikiwa kijana. Rangi ilikuwa ile ile."

Tulikaa kimya. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa ndani ya macho yake, na siku ile alikuwa ameanza kuyatilia shaka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko fedha.

Jioni ndipo tulipopata jibu, na tulilipata kwa bahati. Aliliwasha tanuri tena ili kujaribu kipande kingine. Jua lilikuwa linazama. Alikitoa chuma aliposema kimefika "rangi ya kisamvu cha moto", neno lake mwenyewe la ule wekundu anaoutaka, akakiweka chini kwenye kivuli cha ukuta. Hapo kivulini hakikuwa chekundu. Kilikuwa cha rangi ya chungwa, kinakaribia njano.

Akakirudisha kwenye mwanga, kikawa chekundu. Akakileta kivulini, kikawa chungwa. Akafanya hivyo mara tatu.

"Jua limenidanganya," akasema.

Ndugu zangu, chuma cha moto hutoa mwanga wake chenyewe. Ndani ya kibanda cha giza unauona wote. Kwenye jua la saa sita mwanga wa jua unauzidi, kwa hiyo chuma kinaonekana kimepoa kuliko kilivyo. Mzee Fundi aliyezoea kupima kwa jicho gizani alikuwa akisubiri wekundu ule ule juani, na hadi auone, chuma kilikuwa kimeshapita mbali. Chuma kikipata joto kupita kiasi chembe zake za ndani hukua, na chembe zikikua chuma kinakuwa dhaifu hata kama nje kinang'aa.

Na kulikuwa na sababu ya pili. Kwenye mkaa, moto uko sehemu moja. Ncha ya ulimi ndiyo inayokuwa nyekundu, nyuma kwenye matundu ya bolti kunabaki kweusi. Kwa hiyo hata akizamisha chuma chote kwenye maji, ncha tu ndiyo inayokuwa ngumu, nyuma kunabaki laini na kunavumilia mvuto wa ng'ombe. Tanuri la gesi linapasha chuma chote sawasawa. Yeye aliendelea kuzamisha chote kama alivyozoea, na sasa chote kikawa kigumu kama kioo hadi kwenye matundu ya bolti, mahali ambapo plau inavutwa kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana zote zilikatikia pale.

Kwa hiyo mkono wa fundi haukuwa umepungukiwa kitu. Mimi ndiye niliyembadilishia moto na mahali pa kazi, na sikumwambia kwamba macho na mikono yake itahitaji kujifunza upya.

Tulivyorekebisha

Kwanza tulijenga banda lenye paa la nyasi lililoinuliwa juu sana na lisilo na kuta, ila upande mmoja wa magharibi tuliweka ukuta wa matete kuzuia jua la jioni. Hewa inapita, gesi haikai, na tanuri liko kivulini wakati wote.

Pili, tulitafuta kipimo ambacho jua haliwezi kukidanganya, yaani sumaku. Tuliitoa kwenye spika ya redio mbovu, tukaitundika kwa waya kwenye nguzo. Chuma kikifika kama nyuzi joto 770, sumaku inaacha kukishika kabisa. Fundi anakitoa chuma, anakigusisha kwenye sumaku mara moja. Kikishika, anakirudisha. Kikiacha kushika, anakirudisha tanurini kwa muda mfupi tu hadi rangi ipande kidogo, kisha anakizamisha. Mguso uwe wa haraka, maana sumaku yenyewe ikipata moto inapoteza nguvu. Mzee Fundi mwanzoni aliona kama ni aibu, mtu wa umri wake kupimiwa na spika ya redio. Baada ya wiki moja alikuwa haizamishi kazi yoyote bila kuigusisha.

Tatu, tulizuia joto lisitoke badala ya kuongeza moto. Hapa alitusaidia mama mmoja mfinyanzi. Alikuja, akaingiza mkono ndani ya tanuri, akacheka. "Udongo mtupu huu unakunywa moto," akasema. Akatuambia tuchanganye udongo wa mfinyanzi na vumbi la mbao, ndoo kwa ndoo, na kuongeza vigae vya vyungu vilivyosagwa ili usipasuke. Vumbi la mbao likiungua huacha vitundu vidogo vilivyojaa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisipite. Tukakandika hadi unene ukafika sentimita 5 pande zote. Tukaliacha likauke kivulini wiki mbili, kisha tukaliwashia moto mdogo siku nzima kabla ya kulifanyia kazi. Ukiharakisha, maji yaliyo ndani ya udongo yanageuka mvuke na kuupasua.

Unene ule ulifanya kazi nyingine ambayo hatukuitegemea. Mwanzo nafasi ya ndani ilikuwa na upana wa sentimita 20, yaani zaidi ya lita 9. Sasa ni sentimita 15, yaani lita 5 na kidogo. Kichomeo kimoja cha robo tatu inchi kinatosha nafasi ya ukubwa huu. Mwanzo tulikuwa tunapasha moto nyumba nzima ili tukaushe shati moja.

Nne, tuliweka mlango. Ni matofali mawili ya kuchoma yanayosogezwa mbele ya mdomo wa tanuri, yanaacha nafasi ya kupitisha chuma na kutolea hewa iliyoungua. Usizibe kabisa, maana moto usipokuwa na pa kutokea utarudi nyuma kwenye kichomeo.

Baada ya hayo, presha tunayofanyia kazi ni kati ya baa 0.3 na 0.5. Mtungi wa kilo 15 uliokuwa ukituishia kwa siku mbili za kazi sasa unafika siku nne, na chuma kinapata joto mapema kuliko zamani. Mzee Fundi alipoona hivyo alinikumbusha yale malungu ya vilimani. "Wale wazee hawakuwa na mivukuto kwenye malungu," akasema. "Walikuwa na ukuta na matundu. Moto wote walioutaka waliupata kwa kujua tundu liwe wapi na ukuta uwe mnene kiasi gani."

Mwisho, tulibadilisha namna ya kuzamisha. Sasa tunazamisha ncha tu, sehemu ya matundu ya bolti inabaki nje. Na tumeacha maji, tunatumia mafuta ya alizeti yaliyokwisha kukaangia, yaliyopashwa hadi yawe vuguvugu. Chuma cha springi hakipendi maji, kinapasuka. Mafuta yawe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, na mchanga uwe karibu. Yakiwaka, funika. Usimwagie maji hata siku moja.

Baada ya kuzamisha, chuma lazima kipunguziwe ukali. Tunazima gesi, tunasugua ncha hadi ing'ae, tunakiweka chuma mdomoni mwa tanuri upande wa nyuma ukitangulia, kipate lile joto lililobaki ukutani. Rangi zinatembea kuelekea kwenye ncha: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha bluu. Kwa ulimi wa plau tunasubiri zambarau inayogeukia bluu, kisha tunakitoa. Kwa mundu tunaishia kwenye kahawia, maana mundu unataka makali zaidi.

Kulipa deni

Kikundi kilikaa kikao chini ya mti. Nilisimama nikaeleza makosa yangu kama nilivyoyaeleza hapa. Kuna aliyesema nisijilaumu, kuna aliyesema serikali italipa. Nilisema hii si ya serikali, ni yangu. Nilinunua mitungi miwili ya gesi kwa mshahara wangu, Mzee Fundi akatoa nguvu zake bure, tukafua upya ndimi zote 18, hata zile 7 ambazo hazikuwa zimekatika. Tulimaliza siku chache kabla ya Krismasi.

Yule mama wa kiroba alichukua wa kwake, akaupima mkononi, akauliza, "Huu umeshapita kwenye spika?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Msimu ule alilima ekari mbili badala ya tatu, kwa sababu siku zile za mvua za mwanzo zilishapita. Aliniambia, "Chuma umenirudishia, Bwana Shamba. Wiki mbili zangu hujanirudishia." Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Msimu uliofuata ulimi ule ule ulilima ekari zote tatu, lakini hilo halifuti la kwanza.

Kwa mnaotaka kujaribu

Najua kuna mafundi na vijana watakaosoma hapa na kutaka kutengeneza la kwao. Sina nia ya kuwazuia. Zingatieni haya:

1. Tumieni regyuleta ya presha kubwa yenye geji, na mpira uliotengenezwa kwa presha hiyo. Regyuleta ya jiko la nyumbani hutoa presha ndogo mno, kama baa 0.03, haitoshi. Na kuunganisha mtungi bila regyuleta kabisa ni kucheza na mauti.

2. Kila asubuhi pakeni povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likifura, kuna uvujaji. Msitafute uvujaji kwa kiberiti.

3. Wekeni mtungi mbali na tanuri, umesimama wima, na mpira usipite mbele ya mdomo wa moto.

4. Kuwasha: kwanza moto mdogo wa karatasi uwe ndani ya tanuri, ndipo ufungue gesi, ukiwa umesimama pembeni. Kuzima: anza kufunga kwenye mtungi.

5. Moto ukiingia ndani ya bomba la kichomeo na kuanza kulia vibaya, presha iko chini mno au mdomo umezibwa. Zima, acha kipoe, kisha uanze upya.

6. Mtakapotoa kipande cha kwanza, kivunjeni. Ndiyo, kivunjeni kwa makusudi, mtazame chembe zake. Kipande kimoja kilichovunjwa karakanani ni nafuu kuliko 11 vilivyovunjika mashambani.

Hili la 6 ndilo ningelifanya mwezi Oktoba, yule mama asingefungua ng'ombe wake mwezi Desemba.

Wazee husema chuma kifue kingali moto. Siku ile jioni, tukiwa tunaangalia kile kipande kinachobadilika rangi kati ya jua na kivuli, Mzee Fundi aliniambia, "Wanasema kingali moto, mwanangu. Hawasemi moto kiasi gani. Hicho kiasi ndiyo kazi yenyewe."

Nami tangu hapo nikimshauri mkulima kubadilisha jambo, iwe mbegu, dawa au tanuri, namuuliza kwanza: wewe hili ulikuwa unalipimaje? Kwa jicho, kwa mkono, kwa harufu? Kisha najiuliza kama ninachomletea kitakiacha kipimo chake kikiwa salama. Kama hapana, sina ruhusa ya kuondoka kabla sijamwachia kipimo kingine.

Nawatakia msimu mwema. Kagueni plau zenu mapema, kabla mvua haijagonga bati.